Shangazi, wananialika kutembea bila kwenda kokote

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, natokea Tanga, na nina mwaka mmoja na miezi miwili hapa Sheffield, Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Kazi naiweza na wazee tunaelewana. Kinachonishinda ni ile nusu saa ya chai. Wenzangu wakikaa pale mazungumzo ni matatu tu: habari za jana usiku, kipindi kilichokuwa kwenye TV, na Jumapili walitembea wapi. Mimi nakoroga chai.

Sasa wamenialika. Jumapili moja katikati ya Novemba wanakwenda kijiji cha Edale, wapande mlima wa Mam Tor na kurudi, kilomita 10 na kupanda mita 300 hivi, na mchana watakula baa ya kijijini. Nikamuuliza mmoja tunakwenda kufanya nini huko, akacheka, akasema tunakwenda kutembea. Mume wangu kasema hawa wamekosa shida, na tena njia yenyewe inakatiza mashamba ya watu. Siku mwenye shamba akitoka na bunduki nisimpigie simu yeye. Nimeona picha yao moja: kweli wamesimama katikati ya malisho, ng'ombe hao hapo, na kando kuna ubao unaosema ardhi ni ya mtu binafsi.

Mimi ni Mwislamu, navaa baibui, mbwa nawaogopa, pombe situmii na buti sina. Nikikataa naona hawatanialika tena. Nikikubali naogopa aibu.

Jingine ni hili. Tumepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba vinne, kila mpangaji na mkataba wake. Barua za leseni ya televisheni haziishi. TV hatuna. Mume wangu anaangalia Simba na Yanga mubashara kwenye simu kupitia Azam, na mimi naangalia tamthilia za BBC kwenye tableti siku ya pili yake. Yeye anasema barua ni vitisho, tuzitupe. Tuna kosa?

Mkoroga Chai, Sheffield

Marahaba mwanangu,

Nenda. Na mume wako umtoe hofu ya bunduki kwanza, maana hapo ndipo alipokosea zaidi, ingawa si kosa la kuchekwa. Mtu aliyekulia mahali ambapo kukatiza shamba la mwenzio bila kubisha hodi ni uchokozi, atawezaje kuona watu wanapita katikati ya malisho na mbwa wao akaona ni sawa?

England na Wales zina njia za umma zinazofikia kilomita 225,000 hivi. Kisheria njia hizo ni kama barabara: ardhi ni ya mwenye shamba, haki ya kupita ni ya kila mtu, na mwenye shamba hana uwezo wa kuifunga kwa sababu amechoka na watu. Huombi ruhusa. Ule ubao wa kwenye picha hausemi uongo, ardhi ni ya mtu kweli, ila maana yake ni kwamba usitoke nje ya njia. Kwenye nguzo na mageti utaona vibao vidogo vya mshale. Mshale wa njano ni njia ya waenda kwa miguu, wa buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Zambarau na nyekundu zipo pia, na wewe mwenye miguu zote unapita. Ukipotea ukajikuta nje ya njia, kwa kawaida hilo ni suala la madai kati yako na mwenye ardhi, si jinai. Atakuomba utoke, omba radhi, muulize njia iko wapi, ondoka. Anayetishia watu kwa bunduki kwenye njia ya umma ndiye atakayeitiwa polisi.

Edale ni malisho ya kondoo na ng'ombe, lakini wakikualika siku nyingine sehemu za kilimo utakuta njia imelimwa juu kwa juu. Mkulima anaruhusiwa kuilima inayokatiza katikati ya shamba, sharti airudishe ndani ya siku 14, upana usiopungua mita 1 kwa njia ya miguu. Asiporudisha, anayeshughulikia ni halmashauri ya eneo hilo, wana ofisi ya njia za umma. Wewe pita palepale njia ilipo kwenye ramani, msururu mmoja mmoja.

Na kuna jambo ambalo wenzako hawatakueleza kwa sababu kwao ni kama hewa. Mkifika juu ya Mam Tor, tazama kaskazini, ng'ambo ya bonde: ule mgongo mrefu uliolala bapa ni Kinder Scout. Miaka ya 1930 palikuwa pamefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 watu mia kadhaa, wengi vijana wa viwandani kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi kutokea Hayfield, na kundi la hapo kwenu Sheffield likaja kwa upande wa Edale. Walikabiliana na walinzi, na vijana watano wakafungwa jela. Mwaka 1951 eneo hilo hilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikaruhusu watu kutembea nje ya njia kwenye milima na nyika zilizoainishwa England na Wales. Kwa hiyo ukimuuliza Mwingereza wa Sheffield "tunakwenda kufanya nini", anacheka. Babu yake alitaka tu kutembea, akanyimwa.

Sasa ramani. Usiende kwa kufuata migongo ya watu. Nunua au azima ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, yenye jalada la chungwa, ya kipimo cha 1 kwa 25,000. Ya huko ni OL1, Dark Peak. Juu yake sentimita 4 ni kilomita 1, na kila mraba wa buluu ni kilomita 1 kila upande, kwa hiyo hata kwa kidole unapata umbali. Njia zenye haki ya kupita ni vistari vya kijani: vifupi ni vya miguu, virefu ni vya farasi. Rangi ya njano iliyofifia yenye ukingo ni yale maeneo ya sheria ya 2000. Watu wengi hukosea kwenye vistari vyeusi vyembamba. Hivyo vinaonyesha kwamba kuna njia inayoonekana ardhini, havisemi kwamba una haki ya kuipita. Halafu mistari ya kahawia: milimani kwa kawaida kutoka mmoja hadi mwingine ni mita 10 za kupanda. Ikibanana kama nyuzi za mkeka, ujue hapo utahema.

Ramani ya karatasi huja na namba ya kuipakua kwenye simu. Ipakue ukiwa nyumbani kwenye waifai. Bondeni mtandao hupotea, na baridi hula chaji; simu iliyoondoka na asilimia 60 inaweza kuzima mchana. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, si mfuko wa nje wa koti.

Novemba adui wako ni saa, kuliko hata baridi. Kuna kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa safari yenu, kilomita 10 ni saa 2, mita 300 ni nusu saa. Saa 2 na nusu. Lakini Naismith hakuhesabu matope, mageti, kupiga picha, wala mgeni ambaye hajazoea. Ongeza nusu yake: saa 3 na dakika 45. Weka saa 1 ya chakula. Mkianza saa nne asubuhi mnamaliza saa tisa kasorobo, na jua huko linazama baada tu ya saa kumi jioni. Mkianza saa tano na nusu mnamaliza jua limeshazama. Waulize wanaondoka saa ngapi, na wakikuambia "half nine", wenyewe wanamaanisha saa tatu na nusu asubuhi, si saa mbili na nusu. Treni kutoka Sheffield hadi Edale ipo moja kwa moja, ila Jumapili ratiba ni tofauti na mara nyingi reli hufungwa kwa matengenezo wakaweka mabasi. Angalia Jumamosi usiku, usitegemee ya wiki iliyopita.

Siku fupi hizo zinabana sala pia. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinaingia ndani ya saa nne na kitu. Chukua ratiba ya msikiti wenu, ya tarehe hiyo hiyo. Waambie mapema utahitaji dakika 10 mahali pakavu. Kimfuko chembamba cha plastiki chini ya mswala kitazuia umande wa majani. Wanaotembea husimama kila mara kunywa chai, hakuna atakayeona unawachelewesha.

Baibui liache siku hiyo. Si kwa ajili yao. Pindo likilowa linabeba kilo ya maji na tope, na litakunasa kwenye vingazi vya mbao vya kuvukia uzio, ambavyo unapanda upande mmoja na kushuka wa pili. Vaa suruali, na juu yake gauni au kanzu fupi inayofika magotini, na mtandio wa kubana usiopeperuka, maana upepo wa juu pale hauna adabu. Suruali isiwe jinzi: pamba ikilowa haikauki na inakupora joto. Ile ya kitambaa chepesi ya mazoezi inatosha. Ndani fulana isiyo ya pamba, katikati sweta, juu koti la mvua lenye kofia, la mvua hasa, si la kuzuia baridi tu. Juu ya mlima kutakuwa na nyuzi 2 hivi chini ya bondeni, na upepo utafanya uone kama ni nyuzi 7 chini. Met Office, idara ya hali ya hewa ya huku, wana utabiri wa milimani wa Peak District peke yake. Usome huo, wa Sheffield mjini hautakusaidia.

Buti ndizo za kutumia pesa. Maduka ya hisani ya Sheffield, yale ya mitumba, huwa nayo, lakini angalia soli: meno yawe marefu, na ukiikunja gundi isiachie ncha. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nene ulizokusudia. Vidole visiguse mbele ukipiga ncha ya kiatu sakafuni, maana utakaposhuka Mam Tor vitagusa, na kucha zitakuwa nyeusi. Vaa ndani ya nyumba na kazini kwa wiki mbili kabla. Begani beba maji lita 1, chupa ya chai, kitu cha kula zaidi ya chakula cha mchana, tochi ya kichwani, filimbi na soksi za akiba. Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji waokoaji wa milimani, hawatozi pesa. Filimbi ni mipulizo 6 kwa dakika, unapumzika dakika, unarudia.

Mageti: ulivyolikuta ndivyo uliache. Likiwa wazi liache wazi, huenda mkulima kaliacha kondoo wafike kwenye maji.

Ng'ombe wa huku tatizo lao hawana mchungaji. Tanga ukikutana na kundi unamtafuta kijana mwenye fimbo. Hapa hakuna kijana. Novemba wengi wameshaingizwa ndani, kondoo ndio hubaki nje. Mkiwakuta ng'ombe, usipite kati ya mama na ndama, zunguka kwa mbali hata ukitoka njiani kidogo, tembea polepole, usikimbie. Wakianza kumfuata mbwa wenu, mwenye mbwa amwachie kamba. Wanamtaka mbwa, na yeye anakimbia kuliko nyinyi.

Kuhusu mbwa wenyewe, sema kabla ya siku: nawaogopa mbwa, naomba wako awe kwenye kamba karibu yangu. Sentensi moja, bila kueleza dini wala kuomba radhi. Mwingereza akiambiwa mapema hana neno. Akiambiwa mbwa ameshakurukia atakuambia hana madhara, na hapo mtabishana. Kwa mbwa wa wapita njia, simama, kunja mikono kifuani, usimtazame machoni, mwite mwenyewe amshike.

Baa ya kijijini Jumapili ni mkahawa kuliko ulevi. Utaona watoto na bibi zao. Unaagiza kaunta, unataja namba ya meza, unalipa hapo hapo. Buti zenye tope vua mlangoni au uliza, wengine wana mahali pake. Mtu akisema ananunua vinywaji vya wote, taja chako, juisi au chai, na jua kwamba zamu yako inakuja; ukiogopa gharama sema mapema unajilipia mwenyewe. Kwenye chakula uliza mawili. Samaki wa kukaanga mara nyingine unga wake umekorogwa na bia, na sehemu zenu za Yorkshire wengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, chipsi pamoja. Viazi vya kuoka ganda zima na jibini vitakuepusha na maswali yote hayo.

Sasa leseni, na hapa mume wako hatapenda. Leseni si ya kifaa cha TV. Ni ya kuangalia au kurekodi kipindi chochote cha televisheni wakati kinarushwa, kwa kifaa chochote, hata cha kituo cha nje ya Uingereza. Simba na Yanga mubashara kwa Azam kwenye simu, mkiwa Sheffield, inahitaji leseni. Na tamthilia zako za siku ya pili, kama ni kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya kuangalia vipindi mtandaoni, zinahitaji pia, tangu Septemba 2016. Kwa hiyo nyote wawili mna kosa, na wewe hukujua. Faini mahakamani inaweza kufika paundi 1,000 na gharama juu yake.

Mkataba wenu ni wa chumba chenu peke yenu, basi leseni ya mpangaji mwingine haiwafuniki. Mngekuwa na mkataba mmoja nyumba nzima, moja ingetosha. Kuanzia Aprili 2025 bei ilikuwa paundi 174.50 kwa mwaka. Kwa kuwa hubadilika Aprili, angalia ya sasa kabla ya kulipa. Mnaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Isajili kwa anwani pamoja na namba ya chumba, la sivyo barua zitaendelea. Mkiamua kuacha, inawezekana kihalali: mume asubiri marudio ya mechi YouTube, wewe uhamie tamthilia za ITVX au Channel 4 baada ya kurushwa, kisha mtoe taarifa kwenye tovuti ya leseni ya TV kwamba hamhitaji leseni. Redio haihitaji. Afisa akija mlangoni bila hati ya mahakama si lazima umruhusu kuingia, lakini kutupa barua hakumalizi kitu.

Mimi ningelipa, na sababu ni ile chai yenu. Kipindi cha Countryfile kipo BBC One tangu 1988, siku hizi Jumapili jioni: mashamba, njia, kondoo, na utabiri wa hali ya hewa wa wiki nzima. Ukikiangalia jioni mtakayorudi Edale, Jumatatu una la kusema bila kubuni.

Habari usizibebe zote. Soma moja kwa siku, kwa Kiswahili kwanza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ipo tangu 1957 na tovuti yake haihitaji leseni. Halafu soma hiyo hiyo kwa Kiingereza upate maneno yao. Jua pia kwamba televisheni na redio hapa zinabanwa na msimamizi wao, Ofcom, habari zake ziwe na mizani. Magazeti hayabanwi hivyo, kila moja lina upande wake na halifichi. Mwenzako akisema "nimesoma", angalia gazeti gani kabla ya kukubali. Uliza "wewe umeionaje?" na unywe chai. Usiulize alipigia kura nani.

Ukirudi, buti usizianike juu ya hita. Ngozi hupasuka na gundi huachia. Futa tope, toa soli za ndani, jaza karatasi za gazeti la Jumapili, uache chumbani. Badilisha karatasi kabla ya kulala, na tena asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Shangazi